Soko la hisa limeshuka, uchumi unakua, mfuko mtupu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Mbeya, Iringa na Njombe

Kila soko la hisa linapoteremka, maswali haya huja kwa wingi: kwa walimu na wauguzi wenye hisa chache, viongozi wa vikoba, wafanyabiashara wa Mwanjelwa na Makambako, na wakulima wasiomiliki hisa hata moja. Ukiona takwimu mbili zinapingana, uliza kwanza kila moja inapima mfuko wa nani. Mara nyingi hakuna iliyodanganya.

Redio inasema "soko la hisa limeshuka". Kimeshuka nini hasa?

Kimeshuka kiashiria, yaani hesabu moja inayojumlisha bei za hisa za kampuni zilizoorodheshwa Soko la Hisa la Dar es Salaam (DSE), kila kampuni kwa uzito wa thamani yake sokoni. Viashiria vikuu ni viwili. DSEI inabeba kampuni zote, zikiwemo za Kenya ambazo zimeorodheshwa Dar es Salaam pia, kama KCB na East African Breweries. TSI inabeba za nyumbani tu: CRDB, NMB, TBL ya bia, Twiga ya saruji, TCC ya sigara, Vodacom na wenzao.

Ndiyo maana unaweza kusikia habari mbili siku moja. Mwaka 2022 na 2023 soko la Nairobi liliporomoka vibaya, wakati hisa za benki kubwa za hapa kwetu zilikuwa zinapanda. Aliyetazama DSEI aliona mvutano wa Nairobi ndani yake. Aliyetazama TSI aliona kitu kingine. Mtangazaji akisema "soko" bila kutaja kiashiria, habari hiyo ni nusu.

Uzito nao una mambo yake. Kampuni chache kubwa ndizo zinazoburuta kiashiria. Benki ya MUCOBA, iliyoanzia Mafinga na kuorodheshwa DSE mwaka 2016, hata bei yake ikipanda mara mbili kiashiria hakitastuka.

Wiki hiyohiyo tunaambiwa uchumi umekua. Nani anasema kweli?

Wote wawili, ila wanatazama nyakati tofauti. Ofisi ya Taifa ya Takwimu (NBS) hutoa Pato la Taifa la robo mwaka wakati robo hiyo imeshapita kitambo, kwa hiyo takwimu ya ukuaji ni habari ya jana. Bei ya hisa ni dau la watu juu ya faida ya kesho, na dau hukosea. Mchumi wa Marekani, Paul Samuelson, alitania mwaka 1966 kwamba soko la hisa la kwao lilikuwa limetabiri midororo tisa kati ya mitano iliyotokea.

Marekani ndiyo yenye mifano iliyo wazi zaidi. Kati ya Februari 19 na Machi 23, 2020, kiashiria cha S&P 500 kilianguka kwa asilimia 34. Aprili ukosefu wa ajira ukafika karibu asilimia 15, lakini hapo hisa zilikuwa zimeshaanza kupanda, na Agosti kiashiria kikavunja rekodi huku mamilioni ya watu hawana kazi. Mwaka 2022 ikawa kinyume: hisa zilipoteza takribani asilimia 19, mfumuko wa bei ukafika asilimia 9.1 mwezi Juni, takwimu za awali za robo mbili za kwanza zikaonyesha uchumi umesinyaa, na bado ajira ziliongezeka hadi ukosefu wa kazi ukafunga mwaka kwenye asilimia 3.5. Sababu kubwa ya hisa kushuka ilikuwa riba. Benki kuu yao iliipandisha kutoka karibu sifuri hadi zaidi ya asilimia 4 ndani ya mwaka mmoja, na riba ikipanda, faida ya miaka ijayo huhesabiwa kuwa na thamani ndogo leo. Wafanyakazi hawakuwa wamefanya kosa lolote.

Kama uchumi unakua, mbona vyuma vimekaza huku?

Kwa sababu ukuaji ni wastani, na wastani haufiki kwa kila mlango. Mwaka 2023 Pato la Taifa lilikua kwa asilimia 5.1. Ndani ya hiyo, shughuli za fedha na bima zilikua kwa zaidi ya asilimia 10, kilimo kikakua kwa asilimia 4 na kitu. Kilimo ndicho kinachobeba wengi wetu. Kwa hiyo mwenye hisa za benki na mwenye ekari mbili za mahindi Mbozi waliishi ndani ya takwimu moja na miaka miwili tofauti. Utafiti wa mapato na matumizi ya kaya wa 2017/18 ulionyesha pengo hilihili: umaskini wa mahitaji ya msingi ulikuwa asilimia 26.4 kitaifa, lakini 31.3 vijijini na 15.8 mijini.

Hata ndani ya mkoa mmoja mambo hayafanani. Chukua Kyela na Rungwe, wilaya zinazopakana. Kakao ya Kyela huuzwa kwa mnada wa stakabadhi ghalani, na mnunuzi anapopiga bei ameshatazama New York na London. Tani moja ya kakao huko New York ilikuwa chini ya dola 3,000 mwanzoni mwa 2023. Desemba 2024 ilivuka dola 12,000, kwa sababu mavuno ya Ghana na Ivory Coast yaliharibika. Kisha ikateremka sana mwaka 2025. Waliokuwa na miti iliyokomaa walijenga nyumba. Panda kidogo mlima hadi Tukuyu: mkulima wa chai hakuonja hata tone la neema hiyo, maana chai imejaa kwenye soko la dunia na bei ya jani bichi imebaki ndogo kulinganisha na gharama za mbolea na uchumaji. Mtu akikuuliza "hali ya Mbeya ikoje?", muulize anazungumzia tarafa ipi na zao lipi.

Mahindi nayo yana ngoma yake. Mwanzoni mwa 2023 gunia la kilo 100 lilivuka shilingi laki moja katika masoko mengi. Mwaka uliofuata mavuno yakawa makubwa, bei ikaporomoka. Mama lishe wa Soweto, Mbeya, akashukuru, mkulima wa Ludewa akashindwa kulipa ada. Kwenye Pato la Taifa mavuno makubwa ni ukuaji. Kwenye mfuko wa aliyeyavuna yanaweza kuwa hasara.

Mfumuko wa bei ni asilimia 3 tu. Mbona ninapokwenda sokoni sioni hiyo 3?

Mambo matatu yanachanganywa. Kwanza, mfumuko kushuka hakumaanishi bei kushuka. Kapu la shilingi 100,000 likipanda kwa asilimia 4 linakuwa 104,000. Mwaka unaofuata mfumuko "ukishuka" hadi 3, kapu ni 107,120. Pili, kwenye kapu la kitaifa chakula kina uzito wa asilimia 28 hivi. Kaya inayotumia nusu ya kipato kwa chakula ina mfumuko wake yenyewe, wa juu au wa chini kuliko huo, kutegemea unga na mchele umefanyaje.

La tatu halimo kwenye vitabu: kipimo. Gunia la viazi la Umalila au Uyole linaweza kubaki shilingi 60,000 msimu mzima na watu wakasema bei imetulia. Litazame limeshonwaje. Likiwa la kilo 100, kilo ni shilingi 600. Likiwa limefungwa lumbesa, lina kofia juu na linafika kilo 130, kilo ni karibu shilingi 462 tu: bei imeanguka kwa karibu robo na hakuna aliyetangaza. Kwa upande wa mnunuzi wa rejareja, sado hupungua kimya kimya kwa namna hiyohiyo, muuzaji akiacha kuijaza juu. Nunua na uuze kwa kilo popote unapoweza. Ndiyo takwimu pekee isiyoshonwa kofia.

Shilingi ikipanda dhidi ya dola, ni habari njema?

Kwa anayenunua simu, vipuri, mbolea au mafuta, ndiyo, ingawa nafuu huchelewa kwa sababu mzigo wa dukani uliingia kwa bei ya zamani. Kwa anayeuza parachichi za Njombe, kahawa ya Mbozi au pareto, ni kinyume. Mwaka 2024 dola ilipita shilingi 2,700, na ilipofika Desemba ilikuwa karibu 2,400. Mzigo wa dola 1,000 ulioleta 2,700,000 ukaleta 2,400,000, na kibarua wa shambani analipwa kwa shilingi zilezile. Mara nyingi shilingi hupata nguvu nusu ya pili ya mwaka, watalii na mazao vinapoingiza dola, kisha hulegea. Mwenye mkataba wa kuuza kwa dola aweke jambo hilo kwenye hesabu kabla ya kupanga bei na wakulima.

Sina hisa. Soko likishuka linanihusu nini?

Moja kwa moja, kidogo sana. Kwenye orodha ya DSE utakuta benki, saruji, bia, sigara na simu. Mahindi, viazi, mbao za Mafinga, mchele wa Usangu: hamna. Chai ilipata mwakilishi, TATEPA, iliyoorodheshwa mwaka 1999. Kwa hiyo kiashiria hakina njia ya kujua kama Igurusi wamevuna.

Pensheni ndiyo hofu ya walimu wengi. Mafao ya PSSSF na NSSF yanakokotolewa kwa kanuni ya mshahara na muda wa kuchangia. Bei ya hisa ya wiki hii haimo kwenye kanuni hiyo. Mfuko wenyewe una hisa na hatifungani (hati za kuikopesha serikali kwa riba), lakini kushuka kwa soko hakukati pensheni yako ya mwezi.

Kinachofika kwako hupitia njia nyingine: benki ikianza kuogopa, inabana mikopo; mnunuzi wa nje akipungukiwa fedha, anapunguza oda ya parachichi. Angalia hizo, ziko karibu nawe kuliko kiashiria.

Nina hisa na zimeshuka. Niuze?

Anza na sababu ya kushuka, kwa mpangilio huu.

Angalia kama ni tarehe ya gawio, yaani sehemu ya faida ambayo kampuni huwagawia wenye hisa. Kampuni hutangaza siku ya mwisho ya kununua hisa zenye haki ya gawio. Siku inayofuata bei huweza kushuka kwa kiasi cha gawio lenyewe. Hapo hujapoteza kitu, ikiwa gawio hilo utalipwa.

Kisha angalia kama kampuni nyingine za aina yake zimeshuka pia. Zikishuka zote pamoja, tatizo ni riba, kodi au wageni wanaotoka sokoni. Ikishuka moja peke yake, fungua taarifa ya robo mwaka. Kwa benki tazama faida baada ya kodi, mikopo chechefu (isiyolipwa kwa wakati) kama asilimia ya mikopo yote (Benki Kuu inataka isizidi 5), na gharama za uendeshaji kwa mapato. Benki zinalazimika kuchapisha taarifa hizo kila robo, magazetini na kwenye tovuti zao.

Halafu jiulize fedha hiyo unaihitaji lini. Kama ni ada ya Januari, haikupaswa kuwa kwenye hisa, na uuze sehemu tu inayotosha ada. Kama ni ya miaka kumi, kushuka peke yake si sababu. Hisa za CRDB ziliuzwa kwa umma shilingi 150 mwaka 2009. Mwaka 2019 zilikuwa chini ya hapo. Mwaka 2024 zilivuka 600. Isikufanye uamini kwamba kila kitu hurudi: Vodacom iliuzwa shilingi 850 mwaka 2017, na kwa miaka mingi baadaye bei ilikaa chini ya hiyo. Hisa iliyoshuka kwa asilimia 40 inahitaji kupanda kwa asilimia 67 ili urudi ulipoanza, na faida ya kampuni ndiyo inayoweza kuipandisha. Subira yako haiisaidii kitu.

Ukiamua kuuza, mpe dalali wako wa hisa bei ya kikomo, yaani "usiuze chini ya hapa". Soko letu lina wanunuzi wachache, na oda ya "uza kwa bei yoyote" hukutana na mtu mmoja mwenye bei ya chini anayekusubiri. Ada zote pamoja ni karibu asilimia 2 ukinunua na karibu 2 nyingine ukiuza, kwa hiyo kuingia na kutoka kwa papara kunakula asilimia 4 kabla bei haijasogea. Hakikisha namba ya akaunti ya CDS (inayotunza hisa zako), namba ya NIDA na jina la akaunti ya benki vinafanana herufi kwa herufi. Malipo mengi yanayokwama yamekwama hapo.

Hisa zangu bei haijasogea miezi mingi. Si ndiyo usalama?

Hapana. Bei inayoonekana ni ya mauzo ya mwisho, na huenda mauzo hayo yalikuwa ya hisa 50 miezi minne iliyopita. Mwambie dalali akusomee oda zilizopo: wangapi wananunua, kiasi gani, kwa bei gani. Ukiona safu ya wauzaji ni ndefu na ya wanunuzi ni tupu, thamani halisi iko chini ya hiyo iliyoandikwa. Kampuni ndogo ndizo zenye ugonjwa huu zaidi.

Gawio linaweza kupanda wakati bei inashuka?

Linaweza, na ni moja ya dalili za kupendeza. Gawio hutoka kwenye faida ya mwaka uliopita. CRDB ililipa shilingi 45 kwa hisa kwa mwaka 2022, 50 kwa 2023 na 65 kwa 2024. Hesabu ya kufanya ni gawio gawanya kwa bei. Hisa yenye gawio la shilingi 50 ukiinunua kwa 500 inakupa asilimia 10. Toa kodi ya zuio (hukatwa kabla hujalipwa) ya asilimia 5 kwa kampuni zilizoorodheshwa, unabaki na shilingi 47.50, sawa na asilimia 9.5. Hisa hiyohiyo ikishuka hadi 400, anayenunua sasa anapata karibu 11.9 baada ya kodi. Tahadhari: gawio kubwa kuliko faida ya mwaka ni kampuni kula akiba yake, na halidumu.

Nimeambiwa hatifungani za serikali hazishuki.

Riba yake haishuki. Bei yake ndiyo hupanda na kushuka. Ukiwa na hatifungani ya shilingi milioni 10 yenye riba ya asilimia 12.56, unapata 628,000 kila miezi sita hadi iive, soko lifanye litakavyo. Lakini serikali ikianza kutoa mpya za asilimia 15, hakuna atakayenunua yako kwa bei kamili. Ya muda mrefu inaweza kuuzika kwa takribani 84 kwa kila 100. Kinyume chake kilitokea Aprili 2022: riba ya hatifungani mpya za miaka 25 ilishushwa kutoka 15.95 hadi 12.56, na waliokuwa na za zamani wakawa na mali inayogombewa.

Kiwango cha chini cha kuomba hatifungani ni shilingi milioni 1. Usinunue ya miaka 25 kwa fedha ya kumalizia nyumba.

Nikope ninunue hisa zikiwa chini?

Usikope. Mkopo wa kawaida wa benki ni karibu asilimia 15 kwa mwaka, gawio zuri ni 10. Na mwenye kausha damu hasubiri soko lipande. Kama una sifa ya mkopo wa kilimo wa asilimia 9 au 10, uweke kwenye kilimo ulichoombea.

Kikoba chetu kina milioni 6. Tuweke wapi soko likiwa hivi?

Jibu linategemea siku ya kuvunja. Kikundi kinachogawana Desemba hakina muda wa kusubiri hisa zipande. Dhamana za muda mfupi za serikali ni za siku 35, 91, 182 na 364, kuanzia shilingi 500,000. Chagua inayoiva wiki mbili kabla ya mgawo. Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS, kampuni inayowekeza fedha za watu wengi kwa pamoja, nao unafaa kwa sababu fedha hutoka ndani ya siku chache za kazi. Mfuko wao wa Umoja huwa na hisa ndani yake, kwa hiyo thamani ya kipande inaweza kuyumba soko likiyumba; huo ni wa miaka, si wa miezi. Kufungua akaunti ya kikundi mtadaiwa katiba, cheti cha usajili, muhtasari wa kikao ulioidhinisha, na vitambulisho vya watia saini. Watia saini wawe watatu, na mweka hazina asiwe ndiye pekee mwenye laini ya simu inayopokea ujumbe wa malipo. Ugomvi wa vikoba vingi huanzia kwenye laini hiyo.

Grupu la WhatsApp linaahidi asilimia 10 kwa mwezi "kwa sababu soko liko chini".

Tafuta jina lao kwenye orodha ya wenye leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana (CMSA). Halimo? Toka. Hakuna hatifungani wala hisa inayolipa asilimia 10 kila mwezi. Waliowekeza kwenye upatu wa DECI kabla haijaanguka mwaka 2009 wanaijua hesabu hiyo.

Nifuate takwimu zipi, na wapi?

Kwa mwezi, mbili zinatosha: mfumuko wa bei wa NBS, hasa mstari wa chakula, na bei ya zao lako kwa kilo, ya shambani na ya Mwanjelwa au Makambako. Tofauti ya hizo bei mbili ikitanuka bila nauli kupanda, madalali wa mazao wanakula zaidi. Panga na wenzako kuuza pamoja. Mwenye mahindi anayetaka kungoja bei ya Januari hadi Machi ayakaushe hadi unyevu usiozidi asilimia 13.5 na kuyaweka kwenye mifuko isiyopitisha hewa, la sivyo dumuzi watakula faida yote.

Kila robo mwaka, fuata uamuzi wa Riba ya Benki Kuu (riba elekezi kwa benki), ulioanza Januari 2024 kwa asilimia 5.5, pamoja na ripoti ya Benki Kuu ya hali ya uchumi kwa kanda. Ripoti hiyo wachache wanaisoma, na ndiyo inayoitenga Nyanda za Juu Kusini na wastani wa taifa: bei za chakula, mikopo ya benki, mizigo ya mipakani. Inapatikana bure kwenye tovuti ya Benki Kuu. Anza na majedwali ya kanda yetu, maelezo ya kurasa za mwanzo yanaweza kusubiri.